Kompyuta ya mezani iliyoongezwa kasi inapoyumba: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Mwaka jana kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea kompyuta yake akiwa amekata tamaa. "Fundi, ikifika asilimia sitini ya kutoa video inazima, halafu inajiwasha yenyewe," alisema. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Core i7-8700K, ambayo kiwandani hupewa kasi ya msingi ya gigahezi 3.7 na ruhusa ya kupanda hadi 4.7, lakini hii ilikuwa imepangwa ikimbie kwa gigahezi 5.0 katika viini vyote 6, yaani zile sehemu za prosesa zinazofanya hesabu. Aliyeishughulikia kabla yangu alikuwa ameongeza volteji ya prosesa kwa awamu tatu, kutoka volti 1.30 hadi 1.42, na kila mara tatizo lilirudi. Ilikuja kubainika kwamba prosesa haikuwa na kosa lolote pale. Kosa lilikuwa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na volteji ile yote ilikuwa inaunguza bure.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndicho kiini cha kazi hii. Kuyumba kwa kompyuta iliyoongezwa kasi kupita kiwango cha kiwanda, yaani ile kazi ambayo mafundi wengi huiita ovakloki, ni dalili moja yenye vyanzo vingi: viini vya prosesa, kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa hiyohiyo, vijiti vya RAM vyenyewe, kadi ya grafiki, joto, au umeme. Vyote hivyo vinaweza kuleta skrini ileile ya bluu ambayo Windows huonyesha inapoanguka. Kwa hiyo usitibu kabla hujatenganisha, na katika hatua zote zinazofuata badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ujaribu, kisha uandike matokeo kwenye daftari kabla ya kubadilisha kingine.

Kabla ya kugusa chochote

Hamisha kazi zako zote muhimu kwenye diski ya nje, na ufanye hivyo kompyuta ikiwa imerudishwa kwenye kasi ya kiwanda. Hili si la kuahirisha. Prosesa au RAM inayokosea hesabu haizimi kompyuta kila mara. Wakati mwingine inaandika faili lenye kosa kwenye diski bila kutoa onyo lolote, na utalikuta limeharibika miezi kadhaa baadaye. Kisha ingia BIOS, ile programu ya mipangilio iliyomo kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), na upige picha kila ukurasa wa mipangilio kwa simu yako, ili ujue hasa ulitoka wapi.

Katika Windows, zima tabia ya kompyuta kujiwasha upya yenyewe baada ya skrini ya bluu. Andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua ukurasa wa Advanced, kisha Startup and Recovery, na uondoe alama ya kujiwasha upya. Bila hatua hii skrini itapita haraka mno na hutapata nafasi ya kusoma msimbo wake.

Hatua ya kwanza: rudi kiwandani kwelikweli

Rudisha BIOS kwenye mipangilio ya awali, uhifadhi, uwashe. Ikiwa kompyuta haifiki hata BIOS, chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi kwa dakika kadhaa au tumia pini za kufutia BIOS zilizoonyeshwa kwenye kijitabu cha mazabodi, kisha urudishe betri.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kudhani amerudi kiwandani ilhali XMP bado inawaka. XMP ni mpangilio wa RAM uliohifadhiwa na mtengenezaji wa vijiti, na kwa sababu umeandikwa kwenye boksi watu huuchukulia kuwa ni kasi ya kawaida. Sivyo. Kwa prosesa ya 8700K, Intel inatambua rasmi RAM ya DDR4-2666. Ukiwasha XMP ya 3200 umekwisha kuongeza kasi ya kidhibiti cha RAM, hata kama viini hujavigusa. Hakikisha vilevile kwamba mazabodi haina kipengele kinacholazimisha viini vyote kukimbia kwa kasi ambayo Intel imekiruhusu kiini kimoja tu, kwa maana mazabodi nyingi za michezo hukiwasha zenyewe bila kukuuliza.

Sasa itumie kompyuta siku moja au mbili kwa kazi zilezile zilizokuwa zinaiangusha. Ikiyumba hata hapo, acha kabisa habari ya kasi: tafuta ubovu wa pawasaplai, kijiti cha RAM, diski au prosesa yenyewe. Wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani wana sababu ya ziada ya kusimama hapa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba maikrokodi yake, yaani maagizo ya ndani yanayoiendesha prosesa, ilikuwa inaomba volteji kubwa kupita kiasi na kuzichosha baadhi ya prosesa hizo; ilitoa marekebisho kupitia masasisho ya BIOS, likiwemo lile la 0x129 la mwezi Agosti, na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka 2. Sasisho linazuia uharibifu mpya lakini haliponyi prosesa iliyokwisha kuchoka. Michezo mingi ilikuwa inatoa ujumbe wa kuishiwa kumbukumbu ya kadi ya grafiki, kwa hiyo watu wengi walihangaika na kadi nzima isiyo na kosa.

Kompyuta ya kijana wangu ilitulia kabisa kwenye mipangilio ya kiwanda, na video ikatoka hadi mwisho. Hapo nikajua vifaa ni vizima na tatizo limo kwenye mipangilio.

Joto na umeme

Weka programu ya HWiNFO na uiache ikirekodi vipimo wakati kompyuta iko kazini. Kwa 8700K kikomo ni nyuzi 100 za Selsiasi, ambapo prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Mimi hutaka isipite 90 katika jaribio zito, kwa sababu kadiri silikoni inavyopata joto ndivyo inavyohitaji volteji zaidi ili kushika kasi ileile. Kompyuta iliyopimwa asubuhi ya Julai Arusha inaweza kuanguka mchana wa Februari Dar es Salaam bila kitu chochote kubadilika isipokuwa hewa ya chumbani; chumba kikipanda nyuzi 8, prosesa nayo hupanda karibu kiasi hichohicho. Andika joto la chumba kando ya kila kipimo, la sivyo vipimo vyako havitalinganishika.

Futa vumbi kwenye feni na hitisinki (chuma cha kupooza prosesa), badilisha pesti iliyokauka kati yake na prosesa, na uangalie kama hitisinki imekazwa sawasawa pande zote. Usisahau sehemu ya mazabodi inayoipa prosesa umeme, ile iliyo karibu na soketi yenye vipande vya chuma vya kupoozea. Hitisinki yenye feni huipulizia sehemu hiyo hewa bila kukusudia, lakini ukifunga mfumo wa kupooza kwa maji hewa hiyo hukatika. Dalili yake ni kasi ya prosesa kuporomoka ghafla hadi chini ya gigahezi 1 ilhali joto la viini bado linaonekana la kawaida.

Kuhusu pawasaplai, laini ya volti 12 inatakiwa ibaki kati ya 11.40 na 12.60. Vipimo vya programu si vya kuaminika sana hapa, hivyo vikionekana vya ajabu thibitisha kwa mita. Hakikisha waya wa umeme wa prosesa wenye pini 8 umeingia wote na si nusu yake ya pini 4. Ikiwa kompyuta inazimika kama taa, bila skrini ya bluu na bila kuganda, hasa wakati prosesa na kadi ya grafiki zinafanya kazi pamoja, mshukiwa wa kwanza ni pawasaplai. Na kama umeme wa mtaani kwenu hupanda na kushuka, fanya majaribio yote kompyuta ikiwa kwenye UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme), kwa sababu kushuka kwa umeme kwa nusu sekunde kutakupotezea usiku mzima wa kupima na kukupa jibu la uongo.

Kusoma ushahidi ulioachwa

Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nenda kwenye Windows Logs kisha System, na uchuje maandishi yanayotoka WHEA-Logger, inayorekodi makosa ya vifaa, na Kernel-Power, inayorekodi mambo ya umeme na kuzimika. Tukio namba 41 la Kernel-Power huwatisha watu, lakini peke yake linasema tu kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Kilicho muhimu ni namba ya BugcheckCode iliyomo ndani yake. Ikiwa ni 0, umeme ulikatika au kompyuta ilizimwa kwa kitufe. Ikiwa ni 292, hiyo ni 0x124 iliyoandikwa kwa hesabu ya kawaida, na maana yake ni kwamba prosesa yenyewe imeripoti kosa la vifaa.

Kwa uzoefu wangu, 0x124 na 0x101 huelekeza kwanza kwenye viini au volteji yake, ilhali 0x1A na 0x50 huelekeza kwenye RAM, na 0x116 kwenye kadi ya grafiki. Huo ni mwelekeo tu, si hukumu. Kompyuta inayotoa msimbo tofauti kila siku, leo 0x1A, kesho 0x3B, keshokutwa programu moja tu inajifunga, mara nyingi ina RAM inayokosea, kwa kuwa kosa linaangukia popote palipohifadhiwa kitu wakati huo.

Tazama pia tukio namba 19 la WHEA-Logger. Hili ni kosa ambalo prosesa imelirekebisha yenyewe kabla ya mtumiaji kuhisi chochote. Kompyuta inaweza kufaulu jaribio la saa nzima huku ikiandika matukio ya namba 19 kwa makumi. Mimi huihesabu hiyo kuwa imefeli. Katika kompyuta ya kijana wangu sikukuta hata tukio moja la WHEA, bali misimbo 0x1A, 0x50 na 0x3B imepokezana kwa wiki tatu. Aliyeongeza volteji ya prosesa hakuwa amefungua ukurasa huo.

RAM kwanza, viini baadaye

Mafundi wengi huanza na viini. Mimi huanza na RAM, kwa sababu RAM yenye makosa huharibu majaribio ya viini nayo yakawa hayana maana. Acha viini kwenye kasi ya kiwanda, washa XMP peke yake, kisha uwashe kompyuta kwa flashi yenye MemTest86 au Memtest86+, programu za kupima RAM. Acha mizunguko 4 iishe, hata ikichukua usiku kucha. Kosa moja ni kosa. Hakuna idadi ndogo ya makosa inayokubalika kwenye RAM. Baada ya hapo rudia ndani ya Windows kwa TestMem5 au OCCT, kwani huko RAM inapata joto la kadi ya grafiki iliyo jirani yake, na makosa mengine hujitokeza hapo tu.

Makosa yakitokea, jaribu jozi moja ya vijiti, halafu nyingine. Kijana wangu alikuwa na vijiti 4 vya gigabaiti 8, jozi mbili zenye jina lilelile na kasi ileile ya 3200, lakini zilinunuliwa kwa nyakati tofauti. Kila jozi peke yake ilimaliza mizunguko 4 bila kosa. Zilipokaa pamoja, makosa yalianza katika mzunguko wa pili. Ahadi ya mtengenezaji inahusu vijiti vilivyouzwa ndani ya boksi moja. Ukichanganya maboksi mawili ahadi hiyo haipo tena, na juu ya hayo vijiti 4 hukipa kidhibiti cha RAM mzigo mkubwa kuliko 2.

Tiba ina njia tatu. Ya kwanza, ambayo ndiyo niipendayo, ni kushusha kasi ya RAM daraja moja au mawili. Kutoka 3200 hadi 2933 mhariri wa video hatahisi tofauti yoyote. Ya pili ni kulegeza nyakati za RAM, yaani muda inaosubiri kati ya hatua zake, kwa mkono. Ya tatu ni kuongeza kidogo volteji mbili za kidhibiti, ambazo kwa Intel ya wakati ule huandikwa VCCIO na VCCSA. Kwa 8700K mimi siziruhusu kupita takriban volti 1.20, na huziweka kwa mkono, kwa sababu baadhi ya mazabodi zikiachwa kwenye hali ya kujipangia huzipandisha sana mara XMP inapowashwa. Kwa wenye Ryzen 7000 tahadhari hii ina uzito zaidi: mwaka 2023 baadhi ya prosesa hizo ziliungua kwenye soketi, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwenye volteji ya SoC, inayolisha kidhibiti cha RAM, kupitia BIOS mpya. Kama BIOS yako ni ya kabla ya hapo, isasishe leo.

Viini vya prosesa na volteji yake

RAM ikishathibitishwa, irudishe kwa muda kwenye kasi ya kiwanda ili isikuchanganye, kisha ushughulikie viini. Joto linalotolewa na prosesa hukua sambamba na kasi, lakini hukua kwa kipeo cha pili cha volteji. Kutoka volti 1.30 hadi 1.42 kwa kasi ileile ni ongezeko la karibu asilimia 19 ya nishati inayogeuka joto. Ndiyo maana kuongeza volteji kupita kiasi kunaweza kuzidisha kuyumba badala ya kuondoa tatizo.

Nilimshushia kijana gigahezi 0.1, nikaweka 4.9 kwa volti 1.30, nikawasha Prime95, programu inayoibana prosesa kwa hesabu nzito, katika jaribio la Small FFTs nikiwa nimezima AVX (amri za hesabu nzito zaidi) kwenye mipangilio ya programu. Baada ya dakika 11, mfanyakazi wa nne (Prime95 hugawa kazi kwa "wafanyakazi" kwenye viini) alisimama na kuandika "Rounding was 0.5, expected less than 0.4" huku wengine wakiendelea. Ujumbe huo ni wa thamani kubwa: kompyuta haikuganda wala kuzima, ilikosea hesabu tu, na namba ya mfanyakazi hukuonyesha kiini kilicho dhaifu. Nikaongeza volti 0.01, nikarudia, nikaongeza tena, na kwa volti 1.32 jaribio likapita saa 2. Ongeza kwa vipande vidogo hivyo. Ukiona umeshaongeza 0.05 na bado prosesa inafeli kwa muda uleule, volteji si jibu: shusha kasi.

Lipo jambo linalowachanganya wengi. Volteji unayoandika kwenye BIOS siyo inayofika kwenye viini mzigo unapokuwa mkubwa, kwa sababu mazabodi huiacha ishuke kwa makusudi. Nilipoandika 1.32, kipimo chini ya mzigo kilikuwa takriban 1.26. Mpangilio unaopunguza mshuko huo huandikwa Load-Line Calibration, au LLC, na huwa na ngazi kadhaa. Soma kijitabu cha mazabodi yako, kwa maana kwa watengenezaji wengine ngazi ya 1 ndiyo yenye nguvu na kwa wengine ndiyo dhaifu. Chagua ngazi ya katikati. Ngazi ya juu kabisa huonekana nzuri kwenye kipimo, lakini mzigo unapoondoka ghafla volteji huruka juu ya ile uliyoandika kwa muda mfupi ambao programu haiwezi kuuona, na mruko huo ndio unaochosha prosesa.

Baada ya hapo washa AVX na urudie jaribio. Amri za AVX huvuta umeme mwingi zaidi, na programu nyingi za video huzitumia. Badala ya kuongeza volteji ya kila siku kwa ajili yake, weka punguzo la AVX la 2, ili prosesa ishuke hadi gigahezi 4.7 inapokutana na amri hizo. Mwisho, usisahau kasi ya ile pete inayounganisha viini ndani ya prosesa, ambayo BIOS huiita Ring au Cache. Iache angalau megahezi 300 chini ya viini. Faida ya kuipandisha ni ndogo mno, na ikizidi huleta kuganda kusikoeleweka.

Kuyumba wakati kompyuta imetulia

Kompyuta inayofaulu Prime95 usiku kucha kisha ikajizima ukiwa unasoma barua pepe haina mzimu. Wakati wa kazi nyepesi kiini kimoja hupanda kasi ya juu kabisa huku volteji ikipunguzwa, na mpito huo ndio unaoiangusha. Ikiwa umeipunguzia prosesa volteji kwa makusudi, irudishie kiasi cha volti 0.02. Kwenye Ryzen, ambako watu hutumia Curve Optimizer, mpangilio wa volteji wa kila kiini, kwa namba hasi ili kuipunguza, hii ndiyo namna kuu ya kufeli, na huacha tukio namba 18 la WHEA-Logger. Tumia programu ya CoreCycler, inayojaribu kiini kimoja baada ya kingine, kisha uvipunguzie ukali vile vilivyofeli tu.

Kadi ya grafiki

Hapa kazi ni fupi. Rudisha kadi kwenye kasi yake ya kiwanda wakati wote unaposhughulikia prosesa na RAM. Baadaye ipandishe, na ukiona madoa ya rangi, pembetatu zinazometameta, au tukio namba 4101 linalosema draiva imeacha kujibu, shusha megahezi 25 hadi dalili ziishe. Kumbukumbu ya kadi inaweza kurekebisha makosa yake kimyakimya huku kasi halisi ikishuka, kwa hiyo pima matokeo na usiamini macho peke yake.

Kuunganisha na kuthibitisha

Sasa rudisha vyote pamoja na urudie: MemTest86, Prime95 katika jaribio la Blend, linalopima prosesa na RAM pamoja, kwa saa 8, kisha kazi yenyewe inayokuhusu. Fungua tena Event Viewer, uhakikishe hakuna tukio la WHEA hata moja. Kwa kuwa Windows imeishi na RAM yenye makosa, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike sfc /scannow ili mafaili ya mfumo yakaguliwe. Kwa kompyuta ya kijana yalikutwa yaliyoharibika na yakarekebishwa.

Aliondoka na gigahezi 4.9 kwa volti 1.32, punguzo la AVX la 2, pete gigahezi 4.5, na RAM 2933 kwa volti 1.35. Joto la juu katika jaribio lilikuwa nyuzi 87, chumba kikiwa na nyuzi 30. Namba hizo niliziandika kwenye karatasi na kuibandika upande wa ndani wa kifuniko, pamoja na toleo la BIOS, kwa sababu sasisho la BIOS hufuta mipangilio na linaweza kubadilisha volteji ambazo mazabodi hujipangia. Nilimwambia akisasisha aziandike tena kwa mkono na aanze upya kuanzia kwenye jaribio la RAM, na kwamba ifikapo Februari arudie Prime95 mchana, dirisha likiwa wazi na feni ya chumbani imezimwa.